Seva ya Mahmud Haimpi Mtu Ruhusa

Naanza na kosa langu, asije mtu akasema Nerea husimulia makosa ya wenzake tu. Niliandika programu ya simu bila kusoma hata mstari mmoja wa seva ambayo programu hiyo ingezungumza nayo. Nilikuwa na sababu. Seva iliandikwa na Mahmud, na mimi na Mahmud tulikuwa hatusemezani ila kwa lazima.

Kisa chenyewe ni kidogo. Siku niliyofika Amu, yaani Lamu, Mahmud aliniuliza hali yangu, hali ya nyumbani, ya mama, ya baba. Nilipomwambia baba ni marehemu alinipa pole kwa dakika tano nzima. Akaendelea: hali ya safari, hali ya barabara, hali ya basi lenyewe. Nilikuwa nimekaa kwenye mabasi siku mbili na miguu imevimba. Nikamkatiza nikamuuliza kazi iko wapi. Alinionyesha meza yangu kwa kidole, na tangu siku hiyo ikawa yeye kule, mimi huku, na feni katikati.

Kazi ilikuwa ya chama cha mashua za abiria. Mwenyekiti ni Bwana Idarus, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe na simu tatu. Chama kina mashua kumi na moja, zinazokwenda Kizingitini, Matondoni, Shela na Mokowe. Kilijiwekea sheria kwamba mashua haiondoki gatini mpaka majina ya abiria yafike ofisini, ili likitokea la kutokea ijulikane nani alikuwa ndani. Zamani karani aliyaandika majina kwenye daftari, na daftari likasafiri ndani ya mashua hiyo hiyo. Ilichukua miaka sita mtu kuuliza, je, daftari nalo likizama?

Kwa hiyo tukaajiriwa. Karani gatini angeandika majina kwenye simu, simu ingeunganishwa na seva, yaani kompyuta kuukuu iliyokaa juu ya kabati la ofisi, na kutuma majina. Ikimaliza ingeomba ruhusa, seva ingeitikia, skrini ingegeuka kijani, mashua ingeondoka. Mimi upande wa simu, Mahmud upande wa seva, ambayo aliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Mazungumzo yetu ya kupanga jinsi pande hizo mbili zitakavyoelewana yalichukua dakika moja.

"Simu ikimaliza itasema RUHUSA," nilimwambia.

"Naam."

"Na seva itajibu HAYA."

"Itajibu."

Basi. Kila mtu akarudi kwenye meza yake.

Tulipanga kuanza Jumatatu. Jumamosi mama alinipigia simu kutoka nyumbani Ahero, karibu na Kisumu. Mama ni mwalimu mstaafu, alifundisha darasa la tatu miaka thelathini na minne, na sauti yake ilikuwa ikiamua ugomvi wa watoto walio barabarani huku yeye yuko jikoni. Alikuwa na goita, ule uvimbe wa shingoni. Angepasuliwa Ijumaa, Kisumu, na daktari alikuwa amemweleza bila kumzungusha kwamba kisu kitapita karibu na mishipa ya sauti. Huenda akatoka na sauti yake. Huenda akatoka bila sauti kwa muda. Huenda isirudi kabisa.

"Nerea," mama alisema, "kuna jambo nataka kukuambia kabla ya Ijumaa. Kwa mdomo, uso kwa uso."

"Jambo gani, mama?"

"Ningekuwa nataka kulisema kwa simu, si ningekuwa nimelisema?"

Akakata. Huyo ndiye mama yangu.

Kutoka Amu hadi Kisumu ni mashua mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, basi jingine mpaka Nairobi, na jingine tena. Ili nimkute mama Alhamisi akiwa bado na sauti, ilibidi nipande basi la Jumatano asubuhi. Nilikwenda kwa Bwana Idarus siku hiyo hiyo ya Jumamosi. Alinikaribisha, akanimiminia kahawa, na nilipomaliza kikombe nikasema, "Bwana Idarus, naomba ruhusa wiki hii niende nyumbani. Mama hajisikii vizuri."

Sikutaja kisu. Nilivyolelewa mimi, shida za nyumbani hazimwagwi juu ya meza ya mwajiri. Unasema mama hajisikii vizuri, mwenye akili anaelewa.

"Aa, Bi Nerea! Mara hii?" alisema Bwana Idarus. "Hata hujatuzoea! Ngoja mashine ianze, tufurahi pamoja."

"Sawa," nilisema. Nikainuka nikaenda zangu. Nilikuwa nimechemka, lakini nilijikaza. Nilijiambia kwamba mashine ikisimama sawasawa Jumatatu, Jumanne nafunga mkoba.

Jumatatu saa moja asubuhi mashua ya Shela ilituma majina kumi na manne, ikaomba ruhusa, ikabaki hapo. Skrini ya karani iliandika Subiri. Matondoni ikaja, haikupokewa. Mokowe ikaja, haikupokewa. Kizingitini nayo ikapanga foleni. Fahima, karani wa Kizingitini, alinipigia simu.

"Bi Nerea, nina abiria ishirini na wawili, matenga mawili ya kamba walio hai, na mzee wa watu anaumwa na jino. Simu yasema nisubiri. Nasubiri nini?"

Nilimgeukia Mahmud. "Seva yako inafanya nini?"

"Inamhudumia wa Shela."

"Na wengine?"

"Wanangoja. Napokea mgeni mmoja mmoja."

"Kwa nini?"

"Ndivyo nilivyoiandika," alisema, na hakuonekana kuona kwamba jibu hilo lina upungufu wowote.

Mashua ziliondoka saa nne, kwa madaftari. Kamba wa Fahima walifika wakiwa hawana maoni tena juu ya jambo lolote. Jioni nilimweleza Mahmud, kwa sentensi fupi, kwamba seva inayohudumia watu wengi hufanya kazi kwa nyuzi. Mgeni akibisha, programu inamtengea uzi wake, yaani mtumishi wake peke yake, na mlangoni anabaki mwingine wa kumpokea anayefuata. Akikwama mmoja, wenzake hawamjui. Mahmud alisema anazijua nyuzi. Nikamwambia basi azitumie. Aliongeza mistari mitano, na nakiri ilikuwa mistari safi.

Jumanne mashua zote kumi na moja zilipokewa mara moja. Nilipiga makofi. Kisha nikatazama skrini zao: Subiri, Subiri, Subiri, kumi na moja zote. Jana alikwama mmoja na wengine wakamngoja. Sasa wamekwama wote, kila mmoja na mtumishi wake. Baada ya dakika thelathini na sita kompyuta iliyo juu ya kabati ilitangaza kwamba haiwezi kuanzisha uzi mwingine tena, ikazimika.

Hapo sina budi kuutaja mstari wangu mmoja. Nilikuwa nimeandika kwamba simu ikikaa sekunde ishirini bila kusikia HAYA, ifungue muunganisho mpya na kutuma majina upya. Ule wa zamani sikuuandikia kufungwa. Nilijivunia sana mstari huo wakati nikiuandika; niliona nimefikiria mtandao dhaifu wa kisiwa cha Pate, kule Kizingitini. Kwa hiyo kila mashua ilikuwa inabisha hodi mara tatu kwa dakika, na hakuna aliyekuwa anatoka. Kwa mujibu wa kumbukumbu za seva, mashua ya Matondoni yenye viti kumi na viwili ilibeba abiria elfu moja mia mbili tisini na sita, akiwemo Bi Mwanaarabu mara mia moja na nane. Bwana Idarus aliisoma orodha ile yote, akasema ni jambo la kushukuru kwamba haikuzama.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi nilisimama dirishani pa ofisi nikaitazama mashua ya kwanza ya Mokowe ikiondoka, kwa daftari, na watu wa kwenda kupanda basi wakiwa na mikoba yao. Mkoba wangu ulikuwa umefungwa chini ya meza. Saa moja na nusu mama alipiga.

"Umefika wapi?"

"Niko kazini, mama."

"Wamekunyima ruhusa?"

"Mpaka mashine ifanye kazi."

"Haya," alisema. "Fanya kazi ya watu."

Kama ningekuwa na nyundo asubuhi ile, leo mngekuwa mnasikia hadithi nyingine. Nilimwendea Mahmud nikamwambia aweke kikomo: mgeni akikaa sekunde thelathini, seva imfungie muunganisho.

"Nimfukuze mgeni?" alisema.

"Mahmud, ni simu!"

"Ni simu ya mtu."

Tulibishana mpaka mwenye duka la chini akapanda kuuliza kama kuna msiba. Mwishowe aliweka kikomo, kwa uso wa mtu anayesaini hati ya polisi. Kikafanya kazi ile ile niliyoitaka: kila sekunde thelathini seva ikawafungia watu wote. Skrini zikawa nyekundu. Karani wa Shela akaja mwenyewe kwa miguu mpaka Amu kusema kwamba amefanya kazi na chama miaka tisa na hajawahi kutolewa nje namna ile. Hakuna mashua hata moja iliyopata HAYA. Saa tisa alasiri basi la mwisho la siku hiyo lilikuwa limeshaondoka Mokowe; nikahesabu vituo kichwani, nikajua kwamba nikipanda la kesho mama ataingia chumba cha upasuaji mimi nikiwa njiani. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Alhamisi asubuhi nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya wiki mbili kabla. Nilivuta kiti upande wa pili wa feni nikasema, "Mahmud, habari ya asubuhi. Nyumbani hawajambo? Naomba kuisoma seva yako."

Alishangaa. Akaifungua.

Nilisoma kuanzia juu. Kupokea, sawa. Uzi kwa kila mgeni, sawa. Kuandika majina, sawa. Kisha nikafika pale simu inaposema RUHUSA, na hapo palikuwa na hesabu. Mahmud alikuwa ameiita adabu. Kwa kila muunganisho mpya, adabu ilianza na sifuri. Mgeni akisema RUHUSA mara ya kwanza, adabu inakuwa moja, na seva inajibu KETI KIDOGO. Akisema mara ya pili, inakuwa mbili, na seva inajibu CHAI YAJA. Akisema mara ya tatu, ndipo seva inajibu HAYA.

Nilisoma tena. Nikavua miwani nikaifuta, nikasoma mara nyingine.

"Mahmud, hii ni nini?"

"Ni kuaga."

"Tulikubaliana seva ijibu HAYA!"

"Si inajibu?" Alinionyesha mstari. "Hii hapa."

"Mara ya tatu!"

"Sasa mgeni akiomba ruhusa mara moja tu umwachie? Atasema ulikuwa umemchoka." Hakuwa anafanya mzaha. "Nami niliijaribu, Bi Nerea. Ilifanya kazi."

Nikamwambia anionyeshe alivyoijaribu. Akajiunganisha kwa mkono, akaandika RUHUSA. Seva ikamwambia akae kidogo. Akaandika RUHUSA bila hata kutazama. Ikamwambia chai yaja. Akaandika RUHUSA, ikamwambia HAYA, akafunga, na uzi wake ukaisha kwa amani. Nami nilikuwa nimeijaribu simu yangu na seva yangu ndogo ya majaribio, niliyoiandika mwenyewe, ambayo ukiiomba ruhusa inakupa. Kwenye simu yangu jibu lolote lisilo HAYA huandikwa Subiri. Kwa hiyo siku tatu nzima seva ilikuwa inawabembeleza watu wakae, simu zikawa zinatii, na hakuna aliyeona neno.

"Mimi nikiambiwa nikae," nilimwambia, "nakaa."

Mahmud alinitazama kwa huruma ya kweli. "Kumbe! Sasa unaondokaje kwa watu?"

Tulirekebisha kwa robo saa. Simu yangu ikafunzwa kuomba mara tatu na kufunga mlango wa zamani kabla ya kufungua mpya. Mahmud akakubali kwamba mgeni aliyenyamaza dakika nzima amejiondokea mwenyewe, na uzi wake unaweza kukunjwa bila kumvunjia heshima. Nilimwambia afute adabu kabisa, akakataa, na sikuwa na nguvu ya kubishana. Saa tatu kasorobo mashua ya Kizingitini ilituma majina. Keti kidogo, chai yaja, haya. Yote kwa chini ya sekunde moja. Nikamsikia Fahima kwenye simu akipiga kigelegele. Nyuzi zilizo hai: nne, mbili, moja, sifuri. Ikaja Shela, ikapita. Ikaja Matondoni, ikapita, na Bi Mwanaarabu mara moja tu.

Nilitakiwa nifurahi. Badala yake swali lilinijia, na jibu lake nilishalijua.

"Mahmud. Na mtu akiomba ruhusa kwa mwenye kazi wake?"

"Vile vile."

"Mwenye kazi akisema ngoja kwanza?"

"Lazima aseme. Asiposema, basi hakuthamini. Wewe unaomba tena, unaeleza dharura yako, naye anakwambia haya." Kisha akaniangalia vizuri. "Kwani nini?"

Nilishuka ngazi mbili mbili. Bwana Idarus alikuwa mlangoni pa ofisi yake, ameshapata habari, amenyoosha mikono yote miwili kuniita nije. "Bi Nerea! Ndoo, ndoo, keti—"

"Siketi," nilisema. "Bwana Idarus, mama yangu anapasuliwa kesho asubuhi. Koo. Huenda asiseme tena. Jumamosi nilikuja kuomba ruhusa."

Mikono yake ilishuka. "Kupasuliwa? Wewe ulisema hajisikii vizuri."

"Nawe ukasema ningoje mashine."

"Nalisema!" alisema. "Ningesemaje? Mtu aniaga, nimwambie nenda, kana kwamba sina haja naye? Nikangoja useme tena. Hukusema. Ukasema sawa, ukaondoka. Nikamwambia mke wangu, si jambo kubwa, lingekuwa kubwa angerudia." Akakaa chini, polepole, kwenye kiti alichokuwa ananikaribisha mimi. "Astaghfirullah. Nani kakushika, Bi Nerea? Hakuna aliyekushika. Ningekukatia ndege mwenyewe."

Nilikuwa na matusi tayari, ya Kiswahili na ya Kijaluo, na nilitamani sana kuyatumia. Lakini mzee alikuwa ameshachukua simu mbili kwa pamoja kutafuta kiti cha ndege kwenye uwanja wa Manda. Ndege ilikuwa imejaa wageni wa hoteli za Shela. Alimbembeleza mtu, akamfokea mwingine, akaniambia hapana ndia, yaani hakuna njia. Mahmud alikuwa ameshateremka na mkoba wangu. Alinisindikiza gatini, na hakuuliza hali ya kitu chochote.

Nilipanda basi la mchana Mokowe. Ijumaa saa tatu asubuhi, basi la tatu likipanda kutoka Naivasha, kaka yangu Chris alinitumia ujumbe: Ameingia. Alikuwa anakuulizia. Nilimpigia, hakushika. Niliangalia punda milia upande wa kushoto mpaka wakaisha.

Nilifika wodini saa kumi. Mama alikuwa ameinuliwa kwenye mito, bandeji shingoni, macho wazi kabisa, daftari la mazoezi na kalamu mapajani. Chris alisema upasuaji ulikwenda salama. Kuhusu sauti, daktari alisema wangojee. Wiki, miezi, au basi. Mama alifungua kinywa aniite, ikatoka pumzi tu. Nililia pale pale mbele ya wagonjwa wa watu, na muuguzi akaniletea kiti ambacho sikukikalia.

Nilimweleza yote. Nilimweleza seva, hesabu ya Mahmud, Jumamosi, kahawa, na jinsi nilivyosema sawa. Alicheka bila mlio, akashika bandeji kwa maumivu, akacheka tena. Chris aliniuliza nimepewa siku ngapi. Nikamwambia sikuuliza.

"Mama," nikasema, "nimefika. Ulitaka kuniambia nini?"

Alichukua kalamu. Niliinama nikidhani sasa nitalipata. Aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi moja moja, akanigeuzia daftari:

*Nilisema kwa mdomo.*

Nikamwambia, mama, daktari amesema huenda isirudi. Alinitazama alivyokuwa akiwatazama watoto wa darasa la tatu waliokuja bila kazi ya nyumbani. Akaligeuza daftari upande wake, akapiga mstari chini ya lile neno la mwisho, akapiga wa pili, akafunika kalamu.

Nikavuta kile kiti, nikakaa.